Darubini Aliyeielewa Lugha ya Mashine

Jina la Darubini tulimpa sisi makuli, na halikuwa jina la sifa. Alikuwa na mazoea ya kukikodolea kitu macho mpaka kitu chenyewe kione haya. Lori likiingia uwanjani, sisi tunamtazama dereva kama ana sigara za kugawa. Yeye anatazama matairi. "Hili limelemea kushoto," anasema. Turubai likifunuliwa, kweli, unakuta magunia yamelalia kushoto. Siku moja Kifua, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kututania, akasema, "Huyu si mtu, huyu ni darubini." Likaganda hapo hapo.

Aliingia ghala lile la nafaka akiwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilipoingia nilimkuta ana miaka ishirini na mitatu kazini, nikapangwa naye. Kwetu mtu hapewi kazi, anapewa mwenzake. Gunia lina kilo tisini, na hakuna binadamu anayelitoa sakafuni akaliweka mgongoni mwake mwenyewe. Lazima utwikwe. Mnalishika wawili, mnalipandisha mpaka magotini, mwenzako anasukuma, wewe unageuka haraka na kuingia chini yake. Ukirudi, zamu yako kumtwika yeye. Bila mwenzako utakaa kutwa nzima unatazamana na gunia, nalo halichoki.

Kuna njia moja tu ya kukwepa hilo. Rundo likiwa refu, la kufika kifuani au kupita, unaweza kuligeuzia mgongo, ukalivuta gunia la juu likakuangukia mabegani. Linauma, lakini linawezekana. Rundo likishuka chini ya kiuno, basi tena.

Mke wa Darubini alishona magunia yaliyochanika, kwa sindano ndefu kama kidole cha kati, akikaa kwenye kivuli cha ukuta karibu na mizani. Walikaa chumba namba tisa katika safu ya vyumba vya kampuni, nyuma ya ghala. Sheria ya vyumba inajulikana: kazi ikiisha, siku saba, funguo mezani. Binti yao mmoja alikuwa ameolewa mbali, anawapigia simu mara moja moja. Darubini alisoma mpaka darasa la nne, na alisoma kila karatasi iliyofungiwa kitu. Akinunua karanga, zikiisha anaikunjua karatasi, anasoma habari ya mwaka juzi, na anasikitika kama imetokea jana.

Mimi aliniita mdogo wangu. Alinifundisha kupumua na mzigo: hewa inaingia kabla ya gunia, haitoki mpaka hatua ya tatu. Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kuumia mgongo, na sababu ilikuwa yeye.

Mwaka huo wa kumi na moja kampuni ikaleta mashine mbili. Moja ikakaa getini, nyingine ndani ghalani. Redioni walisema akili mnemba. Sisi tulisema mashine. Kazi yao ilikuwa kukubaliana: ya getini inajua lori gani limefika, ya ndani inajua magunia yako wapi, zinaelewana lori liende mlango gani kati ya milango sita. Na ili sisi tujue pa kwenda, maneno yao yalitokea kwenye kioo kikubwa kilichotundikwa uwanjani. "Lori la tatu liende mlango wa nne, magunia mia mbili." Kiswahili safi. Nyapara, msimamizi wetu, akapumzika kupiga kelele. Sauti yake ikaanza hata kupendeza.

Baada ya kama miezi miwili, maneno yakaanza kuharibika. Kwanza zikaacha "liende". Kisha zikaacha namba. Asubuhi moja tukakuta kioo kimeandika: "Lori lori lori mlango mlango mlango mlango juu juu." Kifua akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Zimelewa!" akasema. "Nani kazinunulia?"

Nyapara akarudia kupiga kelele, maana wengine walisimama tu wakikodoa. Lakini malori yalienda mahali pake, magunia yalitoka sawasawa, meneja hakuona hasara, akaziacha.

Tungeendelea kucheka kama si ile taarifa ya habari. Ilisemwa kwamba nchi nyingine huko, mashine mbili zimebuni lugha yao wenyewe, na waliozitengeneza hawaielewi. Ndani ya siku mbili mji mzima haukuwa na habari nyingine. Kinyozi wa karibu na geti alikuwa anakunyoa nusu, anasimama, anakuelekezea wembe: "Wakisemezana usichokijua, wanasema nini? Wanakusema wewe!" Mwanamke mmoja jirani yetu alichomoa friji yake ukutani, nyama ikaoza, akaapa afadhali nyama ioze. Walimu waliwakataza watoto kuleta simu. Redioni msikilizaji mmoja akasema zizimwe, mwingine akasema ukizizima zitakumbuka aliyezizima. Watu wazima, wenye familia, wakashusha sauti wakipita karibu na mashine ya kutolea fedha.

Halafu mtu akakumbuka kioo chetu.

Wakaanza kuja kutazama. Kwanza watano, kesho yake hamsini, wamening'inia kwenye uzio kama nguo. Kioo kikibadilika tu wanapiga ukunga. "Chini chini! Zimesema chini chini! Maana yake watatuzika!" Jamaa mmoja alirusha jiwe, likavunja kona ya kioo, na watu wakapiga makofi, kisha wakakimbia wote, hata waliopiga makofi, kwa hofu kwamba kioo kimewaona.

Hapo ndipo Darubini alipofanya kosa lake. Alikuwa amemaliza zamu, anajifuta shingo. Akawahurumia. Akasogea kwenye uzio, akasema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia:

"Msiogope, jamani. Zinasema malori. Neno likirudiwa mara tatu, ni tatu. Mara nne, ni nne. Juu maana yake rundo ni refu, juu juu ni refu sana. Chini ni rundo lililokwisha shuka. Zimechoka kusema maneno mengi, basi. Hata sisi makuli tunafupisha."

Nikadhani wameelewa. Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza:

"Na wewe umejuaje?"

"Nimetazama tu, mama."

"Umetazama ukaelewa? Waliozitengeneza hawaelewi, wewe kuli umeelewa?"

"Nimetazama miezi miwili."

"Nani kakufundisha?"

Akarudia kwamba ametazama. Mama yule akamgeuza mtoto kutoka mgongoni, akamweka kifuani, upande wa mbali na Darubini. Nililiona jambo hilo, na nililiona limemchoma. Akarudi akanywa maji, akaniambia, "Watazoea, mdogo wangu."

Hawakuzoea. Kinyozi akakataa kumnyoa. "Kaka, kichwa chako sikijui kina nini," akamwambia mbele ya foleni, na foleni ikacheka. Wake za makuli wakaacha kuanika nguo kwenye kamba ya chumba namba tisa. Mke wake akaja kuniuliza: "Shemeji, mume wangu amefanya nini?" Nikamwambia hajafanya kitu. Akasema, "Basi waambie." Nikasema nitawaambia. Mimi sijui kusema mbele za watu. Nikisimama tu ulimi unakuwa mzito kama gunia lililonyeshewa mvua. Lakini nilimwambia nitawaambia.

Wiki ile ile meneja aliniita ofisini nihamishe kabati la chuma pamoja na Nyapara. Tukiwa tumelishika kabati, meneja akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, kwamba kampuni inaleta mkanda wa umeme wa kubebea magunia, kwa hiyo watu kumi na wawili waondoke. "Nipe majina. Wazee kwanza, na wenye midomo."

Nyapara hakuliweka kabati chini. Alitaja majina kumi na mawili papo hapo, moja baada ya jingine, kama mtu anayeita kuku. Darubini hakumtaja, ingawa alikuwa mzee kuliko saba kati ya wale, maana hakuna aliyebeba magunia mengi kuliko yeye, na Nyapara alihitaji hesabu ya siku itimie. Alipofika kumi na mbili meneja akanielekezea kidole.

"Na huyu?"

"Huyu hana maneno," Nyapara akasema. "Huyu ni kama kabati. Tusogeze kushoto kidogo."

Tukasogeza kushoto kidogo.

Ijumaa majina yakabandikwa. Na kwa bahati mbaya, siku moja kabla, kioo kilikuwa kimeandika neno "toa" mara kumi na mbili. Malori kumi na mawili yalitoka siku ile yamejaa. Kila mmoja wetu aliyajaza kwa mgongo wake. Lakini hakuna aliyeyakumbuka malori. Kila mtu alikumbuka "toa" kumi na mbili, na watu kumi na wawili.

Tukaitana nyuma ya mizani saa ya kupumzika. Waliofukuzwa walikuwepo, mmoja analia waziwazi bila kujifuta. Nyapara akasimama juu ya kipande cha mbao.

"Ndugu zangu, mmeona wenyewe. Mashine imesema toa kumi na mbili, na watu kumi na wawili wametolewa. Mimi nilijaribu kuwatetea, meneja akaniambia si yeye, ni mashine imechagua. Sasa najiuliza. Hapa kwetu kuna mtu mmoja anaielewa mashine. Mtu wa miaka hamsini na kitu. Wadogo zake wametolewa, yeye yupo. Kikulacho ki nguoni mwako."

Wote wakageuka. Darubini alikuwa ameketi juu ya gunia tupu. Akainuka.

"Toa ni malori," akasema. "Hesabuni. Alhamisi yametoka malori mangapi?"

"Acha kutufundisha kuhesabu!" Kifua akasema. "Na kwa nini kila asubuhi unafika mlango wenye kazi kabla hatujaitwa? Nani anakunong'oneza?"

"Nasoma kioo. Hata wewe ningekufundisha. Mwenzangu hapa nimemfundisha." Akanielekea. "Si nimekufundisha, mdogo wangu? Waambie."

Nikainua uso. Kumbe wote walikuwa wananitazama, na Nyapara pia, kwa macho yale yale ya kwenye kabati. Nilijua nani ametaja majina. Nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu, nimeshika chuma upande wa pili. Ilikuwa inatosha kusema maneno matano.

"Alijaribu kunifundisha," nikasema. "Sikuelewa."

Hilo ndilo nililosema. Darubini akanitazama vile alivyotazama matairi, akajua uzito uko upande gani.

Katika adhabu yetu makuli, hatumpigi mtu. Kupiga ni kesi. Tunamsusa. Hakuna kumsemesha, hakuna kumpa maji, na hakuna kumtwika. Nyapara akaitangaza, mikono ikanyooshwa, wangu nao ukanyooka, si juu sana. Anayemtwika Darubini naye hatatwikwa. Na kwa sheria ya ghala, usipobeba magunia sitini kwa siku, siku tatu mfululizo, unafutwa. Na ukifutwa, siku saba, funguo mezani. Hakukuwa na haja ya kumfukuza. Sakafu ingemfukuza.

Jumatatu alikuja mapema. Akasimama mbele yangu penye gunia la kwanza, akaliinamia, akalishika masikio, zile pembe mbili za upande wake, akangoja. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala. Kifua akaona, akacheka: "Funga vizuri, kamba ya ndala ina vituko!" Darubini akaliachia gunia, akaondoka bila neno.

Lakini siku ile alibeba magunia sitini na moja.

Alisoma kioo. Kila kilipoandika "juu juu" alikuwa wa kwanza mlangoni, akaligeuzia rundo mgongo, akavuta gunia la juu likamwangukia mabegani, akaenda. Ghala lina kuta kati ya mlango na mlango, hivyo huwezi kujua rundo refu liko wapi mpaka ufike, na sisi tulikuwa tunafika baada ya kuitwa. Yeye alikuwa na robo saa ya peke yake kila lori. Rundo likishuka kiunoni, anahamia jingine. Mabega yake yakachubuka, shati likaganda kwa damu, mke wake akawa analilowesha kabla ya kumvua. Kesho yake sitini. Keshokutwa yake sitini na mawili. Siku tisa alikwenda hivyo, bila mtu kumgusia gunia, bila mtu kumwambia hata habari za asubuhi.

Hofu ikageuka chuki. "Mnaona?" Nyapara akawa anasema. "Inamlisha. Mashine inamlisha." Wake zetu wakamtemea mate mke wake bombani. Mtu akaandika kwa mkaa juu ya mlango namba tisa: HAPA WANAKAA WAO.

Watu wa nje nao hawakuchoka na uzio. Walipeleka malalamiko kwa wakubwa, wakataka mashine ziseme lugha ya watu au zivunjwe. Kampuni ikamleta fundi, kijana mpole mwenye miwani, na wakamsimamisha mbele ya umati aeleze. Akaeleza kwamba hakuna siri. Mashine ziliachwa zijitafutie njia ya haraka ya kuelewana, zikafupisha. Neno likirudiwa ni idadi. Juu ni rundo refu.

"Ndivyo alivyosema yule mzee!" mtu akapiga kelele.

Fundi akafurahi. "Mzee yupi? Kama alisema hivyo, alisema sawasawa kabisa. Kweli ana akili huyo."

Nilimwona Darubini akinyoosha shingo. Nadhani kwa mara ya kwanza siku hizo alitumaini. Mtu msomi amesimama hadharani amemshuhudia. Lakini umati haukusikia alivyosikia yeye. Ulisikia kwamba ni kweli, anaielewa. Mpaka wakati ule walikuwa wanashuku. Sasa wamethibitishiwa na mtu mwenye miwani. Mama mmoja akasema, "Mungu tuepushe," na watu waliokuwa karibu na Darubini wakasogea, pakabaki duara tupu, naye katikati yake.

Fundi akaingia ndani, akakaa na kompyuta yake muda wa kunywa chai. Alipotoka, kioo kiliandika: "Lori la pili liende mlango wa tano. Rundo refu." Umati ukashangilia. Wengine walikumbatiana. Kinyozi alinyoa bure mpaka jioni.

Na sisi makuli, sasa kila mmoja aliweza kusoma palipo na rundo refu.

Nyapara hakuhitaji kueleza. Asubuhi iliyofuata kioo kilipoandika rundo refu mlango wa tano, watu thelathini wakakimbilia mlango wa tano. Hawakupakia. Waliyashusha tu magunia ya juu wakayalaza sakafuni, safu moja, kama watu waliolala. Kisha wakaondoka wakapakie kwingine wawili wawili. Darubini akafika akakuta ukumbi wa magunia yaliyolala. Akaenda mlango wa kwanza, yamelala. Mlango wa sita, yamelala. Kifua alikuwa anatembea nyuma yake akiimba kwa sauti ya kioo: "Chini chini, chini chini."

Siku ile alibeba magunia kumi na manne. Ya pili, tisa. Ya tatu ndiyo ya mwisho kisheria.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alinikuta peke yangu mlango wa tatu. Mwenzangu mpya alikuwa amekwenda kukojoa. Darubini akasimama mbele yangu. Alikuwa amekonda shingo.

"Mdogo wangu, hakuna mtu. Nitwike moja."

Nikatazama mlangoni.

"Moja tu. Nikifika nalo kwenye lori nitamwomba dereva anisaidie mengine. Wasione."

"Kaka," nikasema, "nina watoto."

"Najua. Nimewabeba."

Nyayo zikasikika. Nikashika gunia langu nikajifanya nalipanga. Aliyeingia alikuwa paka wa ghala. Tukamtazama paka wote wawili. Sikuliachia gunia langu. Darubini akangoja kidogo, akaona, akaenda upande wa pili wa ukuta.

Baadaye walioona walisimulia. Alilisimamisha gunia wima, akachuchumaa akaligeuzia mgongo, akashika masikio ya gunia juu ya mabega, akainama mbele ili limlalie, akajaribu kuinuka nalo kwa miguu peke yake. Na aliinuka. Wanasema magoti yalinyooka kabisa. Akapiga hatua moja, ya pili. Hatua ya tatu, pale hewa inapotoka, kikasikika kitu kama ubao mkavu unaovunjika. Alianguka kifudifudi na gunia likabaki juu yake. Lilibaki kwa muda. Watu waliokuwepo waliulizana kama kumtolea gunia ni sawa na kumtwika, kama adhabu inakataza. Wakamtuma mtu kwenda kumuuliza Nyapara.

Nyapara akasema mtoeni.

Hakuweza kuhisi miguu. Daktari alisema hataihisi tena. Siku ya nne meneja akaniita, karatasi iko mezani. Ukutani nyuma yake palikuwa na kanuni za ghala, na ya kwanza inasema: hakuna mtu kubeba gunia peke yake. Kila kuli aliiwekea dole gumba siku ya kuajiriwa. Aliyeivunja akaumia, kampuni haihusiki naye.

"Wewe ndiye uliyekuwa mwenzake?"

"Ndiyo, bosi."

"Kwa nini alibeba peke yake? Alinyimwa mtu?" Akashika kalamu. "Maana kama alinyimwa, hilo ni kosa la ghala, itabidi tumtibu na chumba abaki nacho. Sema tu ukweli."

Nyapara alikuwa amesimama pembeni anachokonoa kucha kwa njiti ya kiberiti. Hakunitazama hata. Alijua mimi ni kabati.

"Hakunyimwa," nikasema. "Alipenda mwenyewe."

Meneja akaandika. Aliandika polepole, neno kwa neno, akanisomea, nikaweka dole gumba. Nilipotoka nilimpita mke wa Darubini amekaa kwenye benchi la nje na sindano yake kubwa mkononi, maana alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Akasimama.

"Shemeji, umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Mungu akubariki, shemeji."

Siku ya saba tuliitwa kuwasaidia kuhama. Kususa kulikuwa kumekwisha, kwa hiyo tulikwenda wote, na tulifanya kazi kwa moyo. Makuli wakihamisha nyumba ni starehe kutazama. Kabati, meza, sufuria, vyote vilikuwa juu ya mkokoteni kabla maji ya chai hayajachemka. Yeye tulimtoa na godoro lake. Sita tulishika, watatu kila upande, Nyapara akahesabu.

"Pole, kaka," Kifua akamwambia, akihema karibu na sikio lake. "Lakini angalia mwenyewe. Leo umetwikwa na watu sita."

Watu wakacheka, wala si kwa ubaya. Darubini alikuwa ametazama juu. Macho yake yakashuka yakapita kwa kila aliyeshika godoro, mmoja mmoja, akafika kwangu, na hapo hayakusimama hata kidogo. Yakaendelea kwa aliyefuata.

Mke wake akafunga mlango. Wakati ule alikuwa ameshasomewa karatasi yenye dole langu. Akampa Nyapara ufunguo, akashika mpini wa mkokoteni wa nyuma, ule tuliomlaza mumewe, akasukuma. Nilitaka kumsaidia mpaka kwenye lami. Akasema, bila kugeuka, "Toa mkono." Nikatoa.

Aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri vyumba nilikuwa mimi. Siku ile ofisini sikuwa nikifikiria chumba, atakayeamini aamini. Nyapara alinirushia ufunguo pale pale uwanjani, na jioni yake tukahamia, mimi, mke wangu na watoto watatu. Mke wangu alifuta mkaa uliokuwa juu ya mlango kwa maji na jivu. Amekipenda chumba. Anasema kina dirisha zuri, na ukuta haupitishi baridi.